Breki ya Mbele

Pedi zilipofika zilikuwa mbili tu, zimelala ndani ya kipakiti cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Fundi alikuwa ameziagiza kwa miezi mitatu. Kila dereva wa lori aliyepita pale alipewa mchoro wa pedi uliochorwa nyuma ya boksi la sabuni, na kila dereva alirudi na pedi za umbo jingine, za mviringo, za pembe nne, moja hata ya pikipiki, huku akiapa kwamba ndizo. Safari hii zilikuwa zenyewe. Fundi alizilinganisha na zile za zamani, akazigeuza mara mbili, kisha akasimama mlangoni pa karakana yake na kupaza sauti kuvuka barabara.

"Mama Sawa, pedi zako zimefika."

Wanawake watatu waliokuwa wakisubiri nguo zao kwenye benchi la mshonaji wakaangua kicheko. "Fundi, mambo mengine mnong'oneze mtu sikioni," alisema mmoja, akijifunika uso kwa mtandio.

"Chekeni tu," alisema Mama Sawa, akiinuka kwenye cherehani na kukung'uta nyuzi mapajani. "Zangu ni za breki. Zenu mtazijua wenyewe."

Mtaa mzima ulimwita Mama Sawa kwa sababu alikuwa na watoto wawili na hakuwa na kitu kizima ndani ya nyumba. Mkate ulikatwa katikati kwa rula ya kushonea. Blanketi zuri alilopewa na mteja alilipasua, akapinda kingo, yakawa mawili mafupi, na mwaka mzima watoto wakalala miguu nje. Sasa walikuwa watu wazima, wa kiume miaka thelathini na mmoja, wa kike ishirini na sita, lakini sheria haikubadilika. Hakuna aliyewahi kulalamika katika nyumba ile kwamba mwenzake amependelewa, na mama yao alijivunia jambo hilo kuliko nguo yoyote aliyowahi kushona.

Wote wawili walikuwa wahudumu wa afya. Walizunguka vilimani kupima watoto uzito, kuhesabu vidonge vya wagonjwa wa muda mrefu na kuwasindikiza wajawazito hadi zahanati. Watu wa huko waliwatania kwa kuwaita Daktari Mkubwa na Daktari Mdogo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa daktari, neno la mbele likadondoka. Wakabaki Mkubwa na Mdogo.

Baiskeli zao ziliachwa na mradi mmoja wa afya. Zilikuwa baiskeli za milimani za kweli kweli, matairi mapana yenye meno, gia nyingi kuliko walivyohitaji, na breki za diski, zile za sahani ya chuma inayobanwa na pedi mbili. Mradi ulizigawa kwa picha nyingi na hotuba ndefu, ukasahau vipuri. Mwaka wa pili mafuta ya breki za nyuma yalivuja yakaisha, za baiskeli zote mbili, na tangu hapo ndugu hao walikuwa wakishuka vilima kwa breki ya mbele peke yake. Nazo pedi za mbele zilikuwa zimelika hadi kubaki nyembamba kama ukucha. Zilipokamatwa zilipiga kelele kiasi kwamba watoto wa njiani waliziba masikio.

Fundi aliweka pedi mpya juu ya meza, mbele ya Mama Sawa.

"Hizi ni pea, Mama. Pea inaingia kwenye gurudumu moja. Moja huku, moja huku, zinaibana sahani katikati. Kwa hiyo tuchague baiskeli."

"Ya nani?"

"Hilo sasa si la fundi."

Mama Sawa alizitazama. "Weka moja kwake na moja kwa mwenzake."

"Haiwezekani hivyo."

"Haiingii?"

"Kuingia itaingia." Fundi alijikuna kisogo. "Lakini upande mmoja mpya, upande mmoja umekwisha. Itabana mkono mmoja. Ukimvalisha mtu kiatu kimoja kipya na kingine kimetoboka, atatembea?"

"Atatembea. Wangu wametembea hivyo na walifika shule."

"Mama, mimi ningefunga zote mbili kwenye moja, na huyo mwingine atembee kwa miguu mpaka nipate nyingine."

"Atembee yupi?" Aliuliza bila hasira, kama anayeuliza kipimo cha kiuno. "Nitajie wewe, maana mimi siwezi. Nimwambie huyu kwamba shingo ya mwenzake ina thamani kuliko yake?"

Fundi alizichukua pedi. Angepaswa kukataa kazi ile, na baadaye alijilaumu sana kwamba hakukataa, lakini mama huyu alikuwa amemshonea mashati tangu yeye ni kijana, na mbele yake alijikuta bado kijana. Aligeuza baiskeli ya Mkubwa magurudumu juu, akatoa gurudumu la mbele, akavuta pini inayoshikilia pedi, akatoa zile za zamani. Alisukuma pistoni zirudi ndani kwa mpini wa kijiko uliozungushiwa kitambaa, akapangusa sahani kwa spiriti, akapanga pedi moja mpya na moja ya zamani na springi ndogo katikati. Sikio la ile ya zamani, pale pini inapopita, lilikuwa limepinda, akalipiga tupa mpaka likakaa. Kisha akakunja ncha za pini kuelekea juu, kama alivyofundishwa na aliyemfundisha kazi. Akafanya vivyo hivyo kwa baiskeli ya Mdogo.

Jioni hiyo ndugu wawili walizijaribu mbele ya karakana. Fundi aliwaamuru waende taratibu na kukamata breki mara ishirini, ili pedi zijifunze sahani. Walienda na kurudi kama watoto, Mdogo akipiga kengele, Mkubwa akijifanya ataanguka. Zilishika, ingawa usukani ulivuta kidogo upande.

"Hii si breki, hii ni dua," alisema Fundi. "Msishuke kwa kasi. Na mniombee nipate pea nyingine."

"Umetupa nusu dua kila mtu," alisema Mdogo. "Tukifika mbinguni tutaingia mguu mmoja mmoja."

Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu.

*

Wiki ya pili msimamizi wa wahudumu alituma ujumbe kwamba baiskeli zote zitakaguliwa. Alikuwa mama mmoja nadhifu mwenye faili la buluu, si mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa wake. Atachora mstari wa chaki uwanjani pa zahanati, kila mhudumu aje kwa kasi, akamate breki kwenye mstari. Atakayepita mstari kwa zaidi ya urefu wa baiskeli yake anaondolewa kwenye orodha. Watu waliokuwa wakisubiri nafasi hizo walikuwa wengi. Wa kilima cha juu, kundi la Mkubwa, watakaguliwa Jumatatu. Wa kilima cha chini, kundi la Mdogo, Alhamisi.

Jumapili mchana Mkubwa alichora mstari wake mwenyewe nyuma ya nyumba, akajipima. Alipita kwa baiskeli nzima na nusu. Alirudia. Akapita tena. Alirudia mara sita, na mara ya sita mkono wa breki ulifika karibu kabisa na usukani huku baiskeli ikiendelea kwenda. Alikaa chini kwenye vumbi, akashika tama.

Mdogo alikuwa bombani na ndoo za nguo. Asubuhi ile alikuwa amesema wakati wa chai, "Kesho mimi sitoki hata kwa dawa. Nina daftari za mwezi mzima za kujaza." Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta.

Angemwomba angempa. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Mdogo angesema chukua, nirudishie kesho, na pengine angemshikia gurudumu. Lakini kumwomba kungekuwa kusema kwamba ameshindwa kusimama kwenye mstari, yeye Mkubwa, mbele ya mdogo wake. Tena Mama angesikia, na Mama angesema hapana, kila mtu ana yake. Kwa hiyo alichukua ufunguo mdogo na koleo, akafungua gurudumu la dada yake, akatoa pedi mpya, akaweka mahali pake ile ya zamani ya kwake. Alifanya kazi safi. Alikumbuka kitambaa kwenye kijiko, alikumbuka springi. Ncha za pini alizikunja chini, kwa sababu ndivyo mkono ulivyomwelekea. Kazi yote haikuchukua nusu saa. Aliposimama tena kwenye mstari wake wa chaki, baiskeli ilikwama pale pale kama mbuzi aliyekataa kuvuka maji.

"Kesho saa nane nitairudisha," alijiambia, na alimaanisha.

*

Jumatatu saa nne asubuhi Mkubwa alikuja kwa kasi, akakamata breki, na gurudumu la mbele likasimama juu ya chaki yenyewe. Wenzake wakapiga makofi. Msimamizi akaandika, akainua uso.

"Mnaona? Huyu anajali chombo chake. Wengine mnaleta visingizio vya vipuri."

Wakati huohuo mwanamume mmoja alifika mlangoni kwa Mama Sawa akihema, shati limemganda mwilini kwa jasho. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, nyumba ya mwisho kule kilimani, na damu ilikuwa nyingi. Mdogo alifunika daftari. Alichukua mkoba wake, akasukuma baiskeli kupanda kilima nusu saa nzima, akamkuta yule mama, akamtazama mara moja tu na kujua kwamba linahitajika gari. Simu haikushika kule juu. Akapanda baiskeli kuteremka kwenda kuita gari.

Kona ya kwanza ilikuwa pana, akaipita kwa kuburuza viatu. Ya pili alikamata breki na akasikia chuma kikisaga chuma, kisha mkono wa breki ukalala kwenye usukani bila uzito wowote. Mwanamke aliyekuwa akikata majani kando ya njia alisema alimsikia akipiga kengele mfululizo ili watu wapishe. Kwenye kona ya tatu kulikuwa na kalavati ya saruji. Mwanamke huyo ndiye aliyekimbia kushuka kuita watu, na gari lililokuja kumchukua Mdogo ndilo lililopanda kumchukua mzazi. Mzazi na mtoto wake walipona wote wawili.

Mkubwa alipigiwa simu akiwa bado uwanjani. Wenzake waliona anaitikia "ndiyo, ndiyo", kisha anaketi polepole kwenye nyasi, baiskeli yake ikimwangukia miguuni.

*

Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika chini ya mbavu. Daktari, wa kweli huyu, aliongea na Mama Sawa koridoni, watu na vitanda vikipita. Alisema kuanzia kiunoni kwenda chini asitegemee.

"Asitegemee lini?" aliuliza Mama Sawa.

"Mama, samahani. Asitegemee kabisa."

Alikaa kwenye benchi la korido na Mkubwa akakaa pembeni yake. Kwa muda mrefu mama huyo alikuwa akikunja na kukunjua mkoba wa binti yake, ule wa kazi, wenye doa la damu ambalo hakujua ni la nani.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Fundi aliniambia. Aliniambia kabisa. Nikajifanya najua kugawa. Kama ningempa zote mbili, mwanangu angekuwa anatembea."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi?"

Mkubwa alifungua mdomo. Maneno aliyotaka kuyatoa aliyaona wazi kabisa, machache, wala hayakuwa magumu. Muuguzi akapita akisukuma mtungi wa gesi, wakaondoa miguu. Alipopita, Mkubwa alisema, "Usijilaumu," akainuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Alikaa huko nje muda mrefu.

*

Baada ya wiki saba walimrudisha nyumbani. Chumba cha mbele kiligawanywa kwa pazia, cherehani ikahamia barazani, na kitanda cha Mdogo kikawekwa karibu na dirisha. Muuguzi aliwafundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze. Mama Sawa aliacha nusu ya wateja wake akaijua kazi hiyo kuliko kushona: mkono mmoja chini ya bega, mmoja chini ya nyonga, goti kwenye kitanda, hesabu hadi tatu. Mdogo alimtania kwamba anageuzwa kama kitambaa kinachotafutwa upande wa mbele. Usiku alilia, lakini mchana bado alitania. Hakuwahi kumlaumu mama yake. Siku moja alimwambia, "Ulitupa ulichokuwa nacho. Mimi nakujua wewe," na Mama Sawa ilibidi atoke nje.

Ndipo msimamizi akaja na faili lake la buluu. Alikataa kiti, kisha akakikubali. Alimsifu Mdogo, akasema mtoto aliyezaliwa kule kilimani amepewa jina lake. Halafu akatoa fomu.

"Kuna kiti cha magurudumu," alisema. "Na mazoezi ya viungo kwenye hospitali kubwa. Mfuko upo. Tatizo ni kipengele hiki." Aliweka ukucha kwenye karatasi. "Jumatatu haikuwa siku yake ya kutoka. Na baiskeli haikuwa imekaguliwa. Wakubwa wanataka kuandika uzembe wa mtumiaji. Wakishaandika hivyo, hakuna kiti."

"Uzembe?" alisema Mdogo kutoka kitandani. "Nilikuwa nimebadilisha pedi wiki mbili kabla."

"Basi nileteeni barua ya fundi, na pedi zenyewe wazione. Aseme breki ilikuwaje, na kwamba wewe hukuwa na habari kama ina kasoro. Nitaibeba mwenyewe."

Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alisema atakwenda yeye kwa Fundi.

"Acha," alisema mama yake. "Ni mimi niliyemlazimisha. Nitaenda mimi."

*

Mabaki ya baiskeli yalikuwa karakanani tangu siku ya ajali, chini ya gunia. Fundi hakuwa na moyo wa kuyagusa. Alipoambiwa shida iliyopo, alivuta kiti, akamketisha Mama Sawa, akaondoa gunia. Usukani ulikuwa umekunjika. Gurudumu la mbele lilikuwa kama ganda la ndizi.

"Nitaandika moja ilikuwa mpya," alisema huku akipiga magoti. "Nitaandika na kosa langu pia, kwamba nilifunga kazi ambayo haikufaa. Wacha niitoe tuwape na yenyewe waione."

Aliinama na koleo, kisha akasimamisha mkono.

"Nini?" aliuliza Mama Sawa.

"Pini hii imefunguliwa. Mimi nakunja juu."

Aliivuta taratibu. Pedi mbili zikadondoka kiganjani mwake, na zote mbili zilikuwa chuma kitupu, zimekwaruzwa hadi kung'aa. Alizigeuza. Moja ilikuwa na sikio lililopigwa tupa, na alama za tupa yake mwenyewe zilikuwa bado safi pale. Alikumbuka baiskeli aliyolifungia sikio lile. Alitamani awe na akili ya kusema uongo haraka, lakini hakuwa na akili hiyo, na mama huyu alikuwa ameyazoea macho yake tangu yeye ni kijana.

"Mpya iko wapi, Fundi?"

"Labda ilichomoka kwenye ajali."

"Na hiyo ya pili ya zamani imetoka wapi?"

Fundi aliangalia chini. Mama Sawa alinyosha mkono, akapokea zile pedi, akaisugua kwa kidole gumba ile yenye sikio. Nje mtu aliulizia pampu, Fundi akamwambia arudi baadaye.

"Hii ni ya kaka yake," alisema Mama Sawa.

"Ndiyo, Mama."

"Alikaguliwa Jumatatu ileile."

"Ndiyo."

Mama Sawa aliibana mikono katikati ya magoti. Fundi alimsogezea maji, hakuyaona. Alikuwa akimtafuta mwanawe katika siku zote zile, korido, chakula cha hospitali alichokuwa akikibeba juu ya baiskeli ile ile, jinsi alivyokuwa akimwekea dada yake mto, na kila mahali alimkuta akiwa anajua. Alimwonea uchungu na akamchukia, yote kwa mara moja, na hakujua afanye nini na mambo mawili hayo ndani ya kifua kimoja.

"Andika," alisema mwishowe.

"Niandike ukweli?"

"Andika pedi zote mbili mpya ulizifunga kwenye baiskeli ya kaka yake. Kwa agizo la mama. Na kwamba binti hakuambiwa."

Fundi alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Huo ni uongo, Mama. Tena wa kujichafua wewe mwenyewe. Mtaa mzima utacheka."

"Utacheka, ndiyo."

"Andika basi alichofanya. Kiti atapewa vilevile."

"Na yeye wamfukuze? Tule nini? Nimnunulie dawa kwa vifungo?" Alishusha sauti. "Si hilo tu. Mimi ni wa kuondoka, Fundi. Miaka mitano, kumi nikijitahidi. Nikishaondoka, nani atamwosha? Nani atamgeuza? Ni yule yule, hana mwingine. Akijua, atakubali kushikwa na mikono ile?"

"Na wewe je? Atakuona vipi wewe?"

"Mimi achukie tu. Mimi nina nafasi ya kuchukiwa."

Fundi aliandika. Aliharibu karatasi mbili kabla ya kupata moja safi, na alipomaliza hakumtazama usoni.

*

Mama Sawa alimkuta Mkubwa uani akiosha baiskeli. Alisimama karibu naye, barua na pedi mbili zikiwa ndani ya bahasha.

"Breki yako inashika?"

Mkubwa aliendelea kupangusa. "Inashika."

"Vizuri?"

"Vizuri tu, Mama."

Alisubiri. Alimpa muda wa kutosha mtu kusema sentensi moja, hata mbili. Aliangalia kisogo cha mwanawe, mvi ya kwanza nyuma ya sikio ambayo hakuwahi kuiona, na akaomba kimoyomoyo aseme, kwa sababu angesema, barua ile angeichana na wangeanza upya na ukweli wao, hata kama ungewamaliza.

"Kwani Fundi amesema nini?" aliuliza Mkubwa.

"Amesema ataandika barua."

Mkubwa alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndogo, lakini mama yake aliisikia. Akaingia ndani.

*

Msimamizi alirudi Ijumaa. Safari hii alikaa bila kubembelezwa, akafungua bahasha, akaweka pedi kando, akaisoma barua kwa sauti kwa sababu alitaka Mdogo naye aridhike. Alisoma tarehe, alisoma jina la karakana, akafika kwenye mwili wa barua na sauti yake ikapungua kasi.

"'...pedi zote mbili mpya nilizifunga kwenye baiskeli ya kaka yake, kwa agizo la mama yao. Baiskeli ya dada ilibaki na pedi za zamani zilizokwisha. Dada hakuambiwa.'"

Msimamizi alikunja barua haraka, kama aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu.

"Isome tena hapo," alisema Mdogo.

"Si lazima, mwanangu."

"Tafadhali."

Akaisoma tena. Mdogo aligeuza shingo, sehemu aliyoweza kuigeuza, akamtazama mama yake.

"Mama. Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na mimi nilikuwa najaribu breki pale barabarani. Nacheka. Ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa nakuangalia."

"Kwa nini?"

Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo siku nne, na majibu yote yakamtoroka. Kupendelea kulikuwa kitu kimoja ambacho hakuwahi kujifunza, na sasa ilibidi akitafutie sababu ambayo mtu angeiamini.

"Yeye ndiye wa kwanza," alisema. "Nilimhofia yeye zaidi."

Mkubwa alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama mama yake, naye mama akamtazama, na hapo Mkubwa akajua kwamba anajua, na tangu lini. Ndoo ikagonga sakafu.

"Mama," alianza. "Mama, si—"

"Wewe nyamaza," alisema mama yake. "Hukuhusika."

Akanyamaza.

Msimamizi alisimama, akapanga faili lake. Alisema barua inatosha, uzembe utafutwa, kiti kitafika pengine baada ya miezi miwili. Hakumpa Mama Sawa mkono wakati wa kuaga.

Ilikuwa imefika saa ya kumgeuza. Mama Sawa alisogea kitandani, akaweka goti, akapeleka mkono chini ya bega.

"Usinishike," alisema Mdogo.

"Muda umefika, mwanangu. Ngozi—"

"Usinishike wewe. Kaka, njoo unigeuze."

Mama Sawa aliondoa mkono. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka akapita upande wa pili wa pazia, akasimama hapo. Mkubwa alikuja. Hakuwa ameizoea kazi ile. Alishika mahali pasipofaa, akamvuta kwa nguvu, Mdogo akauma mdomo kwa maumivu, kaka yake akaanza tena. Machozi yalikuwa yakimdondokea dada yake kwenye bega.

"Taratibu," alisema Mdogo. "Usilie, si kosa lako. Hukujua, kama mimi ambavyo sikujua." Alipokuwa ameshalala vizuri alimshika kaka yake kidole, akakikumbatia kiganjani. "Kaa hapa. Nimebaki na wewe tu."

Mkubwa akakaa. Mdogo hakumwachia mkono mpaka usingizi ulipomchukua.